Jinsi ya Kuchagua Sufuria na Vikaango Bora: Mwongozo kwa Mpishi wa Nyumbani

Kila anayeanza kupenda upishi kwa dhati hufika mahali akauliza maswali yale yale. Anunue seti nzima au chombo kimoja kimoja? Achukue chuma cha pua au alumini? Kwa nini chakula chake kinashika chini, ilhali kwa jirani, kwa moto ule ule, hakishiki? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe, kuanzia mezani unapoandika mahitaji yako, kupitia dukani unapokishika chombo mkononi, hadi jikoni siku ya kwanza ya kukitumia. Ninakuomba jambo moja tangu sasa: usianze na rangi, mng'ao, wala idadi ya vipande vilivyomo kwenye boksi. Kigeuze chombo chini juu, ukitazame kitako chake, kwa sababu kitako ndicho kinachopika.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu.
- Rula iliyonyooka, ya sentimita 30.
- Sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye mlango wa friji.
- Vipimo vya jiko lako, yaani upana wa pleti au wa duara la moto, na kama una oveni, upana na kina chake kwa ndani.
- Vyombo ulivyo navyo sasa, vikiwa vimetolewa kabatini na kupangwa mbele yako.
- Vijiko viwili vya unga wa ngano kwa ajili ya jaribio la mwisho.

Maelezo mafupi kuhusu joto

Kila metali husambaza joto kwa kasi yake. Kwa kipimo cha wanafizikia cha upitishaji wa joto, shaba hupata karibu 400, alumini karibu 235, chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) karibu 50, na chuma cha pua karibu 15 tu. Ndiyo maana bamba jembamba la chuma cha pua, likiwa peke yake, hupika vibaya: joto hubaki pale pale moto ulipoligusa, katikati pakaungua huku pembeni pakiwa bado vuguvugu. Chuma cha kusubu nacho husambaza joto polepole, lakini kwa kuwa ni kinene na kizito, kikishashika moto hakipoi upesi unapoweka nyama baridi juu yake. Unene, kwa hiyo, ni msaada kwa metali yoyote ile, na mengine utayaona kwa macho yako katika hatua ya 8.

Hatua ya 1: Andika unachopika, si unachotamani kupika

Kwa muda wa wiki mbili, andika kila ulichopika na namna ulivyokipika: kuchemsha, kukaanga, kuunga mchuzi, kutokosa kwa moto mdogo, kuoka. Andika pia ulipikia watu wangapi. Baada ya hapo, vitazame vile vyombo ulivyovipanga mbele yako na ujiulize ni vipi ulivigusa katika wiki hizo. Wengi hugundua kwamba walitumia vitatu au vinne tu, na kwamba vile vilivyokuwa vikikera kila siku, kwa mpini unaolegea au kitako kinachounguza, ni hivyo hivyo vya kila siku. Hivyo ndivyo vya kubadilisha kwanza.

Hatua ya 2: Lijue jiko lako

Jiko la gesi, la mkaa au la kuni hupokea karibu kila chombo cha metali. Jiko la umeme lenye uso wa kioo hudai kitako bapa kabisa, kwa sababu pale ambapo kitako hakigusi kioo, joto halipiti vizuri. Jiko la induksheni, ambalo hupasha chombo kwa nguvu ya sumaku, hukataa kabisa alumini tupu, shaba tupu na baadhi ya vyombo vya chuma cha pua. Kwa jiko hilo, toa sumaku yako: ikinasa kwa nguvu kwenye kitako, chombo kitafaa, ikinasa kwa ulegevu, kitapata moto kwa shida, ikidondoka, kiache dukani. Hata kama leo unatumia gesi, ni busara kuijaribu sumaku, kwa kuwa sufuria nzuri huishi kuliko jiko.

Hatua ya 3: Chagua metali kulingana na kazi

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote, na ndipo wauzaji hupenda kuongea sana.

Chuma cha pua ndicho ninachokipendekeza kwa sufuria yako kuu. Hakishiki kutu kirahisi, hakibadilishi ladha ya nyanya, limau wala siki, na hustahimili kusuguliwa. Namba 18/10 unazoziona chini ya chombo humaanisha asilimia 18 ya kromiamu, ambayo huzuia kutu, na asilimia 10 ya nikeli. 18/0 haina nikeli na hunasa sumaku. Hata hivyo namba hizo zinaeleza ngozi ya chombo tu na hazisemi lolote kuhusu usambazaji wa joto. Cha kuuliza ni kilichofichwa ndani: je, kuna alumini au shaba katikati, na imefika wapi? Zipo sufuria za tabaka tatu ambazo alumini imebanwa kati ya bamba mbili za chuma cha pua kuanzia kitakoni hadi mdomoni, na zipo zilizobandikwa kipande cha alumini kitakoni tu. Utaitambua ya pili kwa mstari au ukingo unaozunguka sufuria karibu na chini. Zote mbili zinaweza kuwa nzuri. Kwa kuchemsha na kupika vitu vyenye maji mengi, kitako kilichobandikwa kinatosha, mradi kiwe kinene na kifike hadi ukingoni; kikiwa chembamba kuliko upana wa sufuria, moto wa gesi hupanda pembeni yake na kuunguza kile kiduara ambacho hakina alumini. Kwa kukaanga na kuunga, tabaka za hadi mdomoni zinastahili gharama yake.

Chuma cha kusubu hukaa na joto muda mrefu, hukaanga nyama ikapata rangi nzuri, huingia kwenye oveni, na kikitunzwa kinaweza kurithiwa. Ubaya wake ni uzito, kwani kikaango cha sentimita 26 hufikia kilo 2 au zaidi, na kwamba hupasuka kikiangushwa au kikimwagiwa maji baridi kikiwa cha moto. Usikitumie kutokosea mchuzi wa nyanya kwa saa nzima, kwa sababu tindikali hula ile ngozi ya mafuta inayokilinda na kukipa chakula ladha ya chuma. Kilichopakwa enameli, yaani utando mgumu wa kioo, hakina shida hiyo ya tindikali, lakini enameli hubanduka ikigongwa.

Bamba la chuma cheusi, lile la vikaango vya mahotelini, lina tabia za chuma cha kusubu katika mwili mwepesi zaidi. Hupata moto upesi, na likishakomaa kwa mafuta, yai huteleza juu yake bila shida. Kwa mpishi mwenye ari ya kujifunza, ninaliona kuwa ununuzi wenye thamani kubwa kuliko mwingine wowote, kwa kuwa kila siku unayopika linazidi kuwa zuri, wakati vyombo vingine vingi huanza kuchakaa siku ile ile vinapoingia nyumbani.

Alumini husambaza joto vizuri na ni nyepesi, lakini ikiwa tupu huguswa na tindikali na hubonyea. Ile iliyofanyiwa ugumu wa uso kwa umeme, yenye rangi ya kijivu iliyoiva, imeondokana na sehemu kubwa ya matatizo hayo. Jihadhari na sufuria za alumini zilizoyeyushwa kutoka vyuma chakavu pasipo udhibiti, kwa maana zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, na risasi ni sumu hasa kwa watoto. Onyo hilo hilo linahusu vyungu vya udongo vilivyopakwa rangi ya kung'aa isiyojulikana imetengenezwa kwa nini.

Vikaango visivyonata vina nafasi yake, nayo ni ndogo: mayai, samaki laini, na vitu vyembamba vya kukaanga kwa moto wa wastani. Vingi vimepakwa PTFE, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett bila yeye kuitafuta. Utando huo huanza kuharibika kwenye nyuzijoto 260 hivi, na ukipita 350 huvunjika na kutoa moshi wenye madhara, unaoweza kuua ndege wa kufugwa wakiwa ndani ya nyumba. Kikaango kitupu juu ya moto mkali hufika huko ndani ya dakika chache. Kwa hiyo usikipashe kikiwa kitupu, usitumie vijiko vya chuma, na usilipe fedha nyingi kwa chombo ambacho kwa asili yake kitabadilishwa baada ya miaka michache. Vilivyopakwa utando wa kauri hustahimili joto zaidi, lakini mara nyingi hupoteza utelezi wake mapema kuliko PTFE.

Shaba ni mfalme wa kusambaza joto. Ni ghali, ni nzito, hudai kung'arishwa, na lazima ndani iwe imefunikwa kwa bati au chuma cha pua, kwa kuwa shaba tupu haifai kwa chakula chenye tindikali. Bati huyeyuka kwenye nyuzijoto 232. Anayeanza haihitaji.

Hatua ya 4: Pima ukubwa kwa hesabu, si kwa macho

Kipenyo peke yake hudanganya. Sufuria yenye upana wa sentimita 24 na kimo cha sentimita 10 hubeba lita 4.5 ikijaa hadi mdomoni. Ya sentimita 18 kwa 8 hubeba lita 2 tu. Kumbuka kwamba sufuria haijazwi zaidi ya robo tatu, hivyo zidisha mahitaji yako ipasavyo. Kwa vikaango, tofauti ndogo ya kipenyo ni kubwa kwa eneo: kikaango cha sentimita 28 kina nafasi zaidi kwa theluthi moja na ushei kuliko cha 24. Nyama ikibanana, hutoa maji na kujichemsha badala ya kukaangika. Angalia pia kipimo kimechukuliwa wapi, kwani watengenezaji hupima mdomo, na kikaango chenye kuta zilizolala kinaweza kuwa na kitako chembamba kuliko mdomo kwa sentimita kadhaa. Pima kitako mwenyewe kwa rula, ukilinganishe na vipimo vya jiko ulivyoviandika.

Hatua ya 5: Kikague chombo kikiwa mkononi

1. Kinyanyue kwa mkono mmoja, kisha fikiria kimejaa nusu. Kama mkono unatetemeka kikiwa kitupu, tafuta chenye mpini wa pili mdogo upande wa pili, au kidogo zaidi.
2. Weka rula kwa ubavu wake juu ya kitako kwa nje, kisha tazama mwanga chini yake. Mwanya mwembamba katikati unakubalika, kwa sababu baadhi ya vitako hutengenezwa hivyo ili vinyooke vikipata joto. Rula ikibembea kwa kuwa katikati kumetokeza, kirudishe.
3. Kagua unene. Kwa chombo cha tabaka tatu, milimita 2.5 hadi 3 ni unene mzuri. Gonga kwa ukucha: chombo chembamba hulia kama kopo.
4. Shika mpini na uupinde kwa nguvu za kawaida. Mpini uliofungwa kwa ribiti au uliochomelewa vizuri hautikisiki. Ule wa skrubu hulegea, ila angalau unaweza kukazwa. Hakikisha skrubu inafikika kwa bisibisi. Plastiki haiingii kwenye oveni yenye moto mkali.
5. Pitisha kidole taratibu mdomoni mwa chombo. Ukingo mkali unaokwaruza ni dalili ya kazi ya haraka. Mdomo uliokunjwa kidogo kwa nje humimina bila kuchuruzika.
6. Funika mfuniko na uuzungushe. Uzunguke kwa wepesi pasipo kucheza huku na huku.

Mtu mmoja anaweza kuona aibu kufanya haya yote mbele ya muuzaji. Usione aibu. Chombo hiki utakishika kila siku kwa miaka, na dakika tano za ukaguzi ni haki yako.

Hatua ya 6: Nunua kimoja kimoja

Kosa la kawaida kuliko yote ni kununua seti ya vipande 10 au 12. Katika hesabu hiyo mifuniko huhesabiwa kuwa vipande, na ndani yake hukosi sufuria ndogo mbili zinazofanana na kikaango kisichonata ambacho kitachoka kabla ya vingine. Kwa fedha hizo hizo ungepata vyombo vitatu vya ubora wa juu. Ningeanza na sufuria ya chuma cha pua ya lita 4 hadi 5 yenye mfuniko. Kisha kikaango cha chuma cha kusubu au cha bamba jeusi, cha sentimita 26 hadi 28. Kisha sufuria ndogo ya lita 2. Chungu kikubwa cha kutokosea na kikaango kidogo kisichonata vifuate baadaye, pale orodha yako ya hatua ya 1 itakapovidai.

Hatua ya 7: Kiandae kabla ya kupikia

Chuma cha pua na alumini vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vikaushwe, basi. Chuma cha kusubu na bamba jeusi vinahitaji kukomazwa kwa mafuta. Osha chombo ili kuondoa mafuta au nta ya kiwandani, kikaushe juu ya moto mdogo hadi kisibaki hata unyevu, kisha kipake mafuta ya kupikia, ndani na nje, kwa kitambaa. Sasa chukua kitambaa kingine kikavu na ufute kana kwamba mafuta yale yaliwekwa kwa makosa. Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Kinachotakiwa ni utando mwembamba kiasi cha kutoonekana, ambao joto litaugeuza kuwa ngozi ngumu. Mafuta mengi hugeuka kuwa gundi. Kiweke kifudifudi kwenye oveni ya nyuzijoto 200 hadi 250 kwa saa moja, kipoe humo humo, na urudie mara mbili au tatu. Kama kina mpini wa mbao au huna oveni, fanya hivyo juu ya jiko kwa moto wa wastani, madirisha yakiwa wazi, mpaka moshi upungue.

Hatua ya 8: Jaribio la unga

Nyunyiza unga katika utando mwembamba ulio sawa juu ya kikaango kikavu, kisha kiweke katikati ya jiko kwa moto wa wastani na usikiguse. Usilifanye jaribio hili kwenye chombo kisichonata. Baada ya dakika chache rangi itaanza kujitokeza. Katika kikaango chembamba utaona duara la kahawia lililochorwa mfano wa moto wa jiko lenyewe, na nje ya duara hilo unga mweupe kabisa. Katika kikaango kizuri, rangi huanza katikati na kutambaa kuelekea ukingoni kwa upole, hadi unga wote unakuwa wa rangi moja ya biskuti. Zima moto kabla unga haujawa mweusi. Kwa jaribio hili utakijua chombo chako kilivyo, na hata kama si kamilifu, utajua mahali pa kuweka kipande cha nyama na mahali pa kukisogeza.

Tahadhari za matumizi

Usimwage maji baridi kwenye chombo cha moto. Kikaango changu cha kwanza kizuri kiliharibika hivyo: nilikitoa motoni na kukisukuma chini ya bomba, nikasikia mlio mmoja mkavu wa metali, na tangu siku hiyo mafuta yalikuwa yakikimbilia pembeni na kuacha katikati pakavu. Usitie chumvi kwenye maji baridi ndani ya sufuria ya chuma cha pua. Subiri yachemke, kwani chumvi ikitulia chini bila kuyeyuka huweza kuchimba vitundu vidogo visivyofutika. Usiache chakula kikilala kwenye chuma cha kusubu wala alumini tupu.

Matatizo na utatuzi wake

Chakula kinashika kwenye chuma cha pua. Chombo kilikuwa hakijapata moto wa kutosha. Kipashe kikiwa kikavu, kisha dondosha tone la maji: likichemka na kukauka papo hapo, bado, likijikusanya kuwa kigololi kinachokimbia huku na huku, ongeza mafuta, punguza moto kidogo, ndipo uweke chakula. Usilazimishe kukigeuza. Nyama ikishapata ngozi yake huachia yenyewe.

Rangi za upinde wa mvua au madoa meupe ndani ya sufuria. Ya kwanza imeletwa na joto kali, ya pili na chokaa ya maji. Vyote havina madhara na hutoka kwa kufutwa na siki kidogo.

Alumini imekuwa nyeusi ndani. Chemsha maji yenye vipande vya limau kwa dakika 10 hivi, kisha osha.

Ukoko umegandia chini. Mimina maji ya moto, chemsha kwa moto mdogo kwa dakika kadhaa, halafu kwangua kwa mwiko wa mbao.

Kikaango cha chuma kimeshika kutu. Hakijafa. Sugua kutu yote kwa waya wa kusugulia hadi uone chuma chenyewe, osha, kausha juu ya moto, na urudie hatua ya 7 tangu mwanzo.

Kikaango cha chuma kinanatanata mkononi. Mafuta yalikuwa mengi. Kirudishe kwenye oveni kwa saa moja. Kikiendelea kunata, kisugue na uanze upya kwa mafuta machache zaidi.

Utando wa kikaango kisichonata unabanduka. Acha kukitumia kwa chakula.

Kitako kimebetuka. Kwenye jiko la gesi bado unaweza kukitumia kwa kuchemshia. Kwenye kioo au induksheni kitazunguka kama pia na kupata joto upande mmoja, na kukigonga kwa nyundo mara nyingi huachanisha tabaka zake, kwa hiyo kibadilishe.